Kiroba, Ndoo na Tofali: Bustani ya Mpangaji

Swali ni lile lile, anayebadilika ni muulizaji tu. Mmoja yuko Mbagala, mwingine Mbezi, mwingine ghorofa ya tatu Kariakoo: "Napenda kupanda mboga, lakini nimepanga, uwanja wote ni sakafu, na vyungu vya kununua ni ghali. Nifanyeje?" Nimekuwa nikijibu kwa mistari miwili mitatu na kuendelea na mengine. Leo nalijibu kwa urefu, kwa sababu nimegundua kuwa mistari ile miwili ndiyo iliyowafanya wengine mjaze ndoo udongo wa barabarani, mkapanda nyanya, zikaoza.

Jibu fupi ni kwamba usinunue chungu. Mchicha haujui kama umekaa kwenye chungu cha kuchongwa au kwenye ndoo iliyokatika mpini. Mizizi ikipata nafasi, maji ya ziada yakipata pa kutokea, na udongo ukiwa na chakula, umemaliza. Kama una shilingi elfu kumi za kutumia, elfu nane ziende kwenye udongo na samadi.

## Kabla hujaokota chochote

Angalia jua. Mboga za majani zinaridhika na jua la saa nne au tano kwa siku. Nyanya, pilipili, bilinganya na bamia zinataka saa sita na zaidi. Huna haja ya kipimo. Siku utakayokuwa nyumbani, tazama pale unapotaka kuweka bustani saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri. Ukikuta jua mara mbili kati ya hizo tatu, panda majani. Ukilikuta mara zote tatu, panda hata nyanya. Ukilikuta mara moja tu, jaribu mnaana na mchaichai, na usitegemee makubwa.

Halafu pima umbali wa bomba. Bustani iliyo nyuma ya nyumba, mbali na maji, humwagiliwa wiki mbili za mwanzo tu. Naijua hadithi hiyo kwa ndani.

Na mwombe mwenye nyumba ruhusa. Mwambie unataka kuweka vyombo, hutachimba, na maji hayatatuama ukutani. Wengi hukubali.

## Matundu ndiyo kazi yenyewe

Ukiniuliza kosa moja linaloua mimea mingi ya kwenye vyombo, nitakwambia ni matundu machache. Watu hutoboa tundu moja katikati ya kitako, saizi ya msumari, wakaona kazi imekwisha. Tundu hilo huzibwa na udongo kabla ya wiki kwisha, maji yanatuama, mizizi inakosa hewa, majani yanakuwa njano. Mwenyewe akiona njano anadhani ni kiu, anaongeza maji.

Kwa ndoo ya lita 20:

- Toboa matundu 8 hadi 10 kwenye kitako, kila moja upana wa kidole kidogo.
- Ongeza mengine manne pembeni, sentimita mbili juu ya kitako. Hayo ndiyo yatakayokuokoa kitako kikigandamana na sakafu.
- Inyanyue ndoo juu ya vipande vya tofali, usiiache ikalie sakafu.
- Funika matundu kwa ndani kwa kipande cha chandarua kuukuu ili udongo usimwagike.

Hapa kuna ubishi ninaoujua: "Mbona tunaambiwa tuweke kokoto chini ili maji yatoke?" Usiweke. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake umelowa chapachapa. Kwa hiyo kokoto hizo zinapandisha tope juu, karibu na mizizi, na zinakula nafasi. Udongo uanzie kitakoni. Kokoto zina kazi kwenye kiroba, na huko zinasimama katikati, kwa sababu nyingine kabisa. Tutafika.

## Vya kuokota na vya kuviacha vilipo

Chukua bila wasiwasi:

- viroba vya unga wa ngano, mchele na sukari. Mama wa maandazi na chapati wa mtaani kwako anavyo, na huviuza kwa bei ndogo;
- ndoo na madumu ya mafuta ya kula;
- mabeseni yaliyopasuka, sufuria zilizotoboka;
- masalio ya tofali kwenye nyumba inayojengwa, baada ya kumwomba fundi.

Viache:

- Madumu na mapipa ya dawa za kuulia wadudu au ya kemikali za kiwandani, hata ukiambiwa yameoshwa. Plastiki hufyonza. Niliwahi kuuziwa pipa la bluu nikihakikishiwa kuwa lilibeba sharubati. Jua la mchana lilipolipiga, harufu yake haikuwa ya tunda lolote ninalolijua. Likawa pipa la takataka.
- Madumu ya oili ya magari.
- Vipande vya mabati ya zamani ya asbesto. Usiyakate, usiyavunje, vumbi lake linaharibu mapafu.
- Mbao na nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa, zile zenye rangi ya kijani kijani, kwa chochote kitakacholiwa.

Ndoo za rangi ya maji ya ukutani zipo nyingi kwa mafundi. Bandua rangi yote iliyokauka, uzioshe, upande maua. Mboga mimi sipandi humo.

## Kiroba: chombo cha wasio na nafasi

Kwa mtu mwenye eneo la hatua moja tu, sijaona kinachoshinda kiroba. Wakazi wa Kibera kule Nairobi wamelima sukuma wiki kwa njia hii kwa miaka mingi, vibarazani na kwenye vichochoro. Kinachokifanya kiwe na tija ni kwamba unapanda juu na pembeni pia. Kiroba cha kilo 50 kinabeba miche 15 hadi 20 pembeni na mitano juu, kikiwa kimekalia eneo la kigoda.

Kinavyotengenezwa:

1. Chukua viroba viwili vya kilo 50, kimoja kivalishwe ndani ya kingine. Sandarusi huliwa na jua. Kimoja peke yake huanza kuchanika nyuzi kabla ya mwaka.
2. Kunja mdomo kwa nje mara mbili au tatu, kama mkono wa shati. Kitasimama chenyewe.
3. Kipeleke pale kitakapokaa kabla hujaweka udongo. Kikishajaa hakihamishiki. Chini yake weka ubao au kokoto kiasi ili maji yapite.
4. Mimina udongo kimo cha shubiri moja.
5. Chukua kopo tupu la maziwa ya unga, lile kubwa, ulitoe kitako na mfuniko libaki kama bomba. Lisimamishe katikati, lijaze kokoto au vipande vya tofali.
6. Jaza udongo kulizunguka hadi karibu na ukingo wa kopo, ugandamize kidogo kwa mkono. Kisha livute kopo juu taratibu, kokoto zinabaki. Jaza tena kokoto, tena udongo, tena vuta. Ukifika juu utakuwa na nguzo ya kokoto katikati ya udongo.
7. Acha nafasi ya vidole vinne kutoka mdomoni ili maji yasimwagike nje.
8. Mwagilia mpaka yatoke chini, uache siku mbili tatu. Udongo utashuka. Ongeza.
9. Chana matundu pembeni, kila moja mchano mdogo wa msalaba wa sentimita 4 au 5. Yapishane kama tofali za ukuta, umbali wa shubiri moja kati ya tundu na tundu. Ya chini kabisa yawe shubiri moja kutoka kitakoni.
10. Panda jioni. Miche yenye majani manne ndiyo inayofaa. Sukuma mzizi ndani kwa kidole, bana udongo, mwagilia.

Nguzo ya kokoto ndiyo njia ya maji. Bila hiyo maji ya juu hulowesha sehemu ya juu tu, na miche ya chini hufa kiu huku wewe unamwagilia kila siku. Ukimwagilia, mimina nusu kwenye udongo na nusu kwenye kokoto.

Pembeni panda sukuma wiki, spinachi, mchicha au matembele. Matembele hayahitaji hata mbegu: omba marando kwa jirani, kata vipande vya shubiri moja na nusu, yachomeke. Juu weka pilipili au mche mmoja wa nyanya wenye kijiti. Karoti na figili zina mizizi inayonyooka kwenda chini, kwa hiyo zikae juu, zisipandwe pembeni.

Onyo langu kuhusu ukubwa linatoka kwenye aibu yangu mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilitumia gunia la kilo 100, nikalijaza karibu na geti. Lilipendeza. Mwezi wa tatu mwenye nyumba akanunua gari, na gunia likawa njiani. Tulikusanyika wanaume wanne, likagoma. Udongo uliolowa ni mzito kuliko mahindi. Gunia lile lilipita kilo 150 kirahisi. Ikabidi nilipasue mbele ya majirani, mboga zikiwa zimestawi. Mpangaji, kaa kwenye kiroba cha kilo 25 au 50.

Wengine huuliza kama kiroba si plastiki iliyopigwa marufuku. Katazo la Tanzania la Juni 2019 lilihusu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Viroba vya kufungashia unga na nafaka bado viko sokoni. Ila kikianza kutoa nyuzi kitoe, usiache vipande vyake vizagae.

## Ndoo na dumu

Hivi ndivyo vyombo vya kuanzia kwa anayehama hama, na kwa mtu wa ghorofani. Ndoo ya lita 20 inatosha mche mmoja wa nyanya, au mmoja wa bilinganya, au miwili ya pilipili. Mmoja, narudia. Najua miche ikiwa midogo ndoo inaonekana tupu na mkono unawasha kuongeza. Usiongeze.

Dumu la lita 20 lilaze, ukate upande mmoja kama dirisha, uache mpini. Linakuwa kihori kinachofaa mchicha, vitunguu vya majani, giligilani na mnaana, ambavyo mizizi yake haiendi mbali. Kina cha sentimita 15 kinavitosha.

Kuondoa mafuta ndani ya dumu: maji ya moto, sabuni ya unga, konzi mbili za mchanga, utikise kwa nguvu, urudie. Kutoboa: pasha msumari mkubwa kwenye mkaa, ushike kwa koleo. Fanya kazi hiyo nje, upande upepo unakotoka, kwa sababu moshi wa plastiki si wa kuvuta, na watoto wasogee mbali.

Wa ghorofani, sikilizeni. Ndoo moja ikilowa ina kilo 25 hadi 30. Kumi ni kama kilo 300. Zipangeni kufuata ukuta wa nyumba, msizirundike kwenye ncha ya baraza, na msiweke ndoo juu ya ukingo hata iwe ndogo vipi. Chini ya kila ndoo weka beseni bovu la kukinga maji, maana nguo za jirani wa chini zikichafuka mara ya pili, bustani imekwisha.

## Tofali bila saruji

Kwa mwenye kiuga kidogo, hata cha sakafu, tofali nane za inchi 6 zinatosha. Zisimamishe kwa ubavu: tatu upande huu, tatu upande ule, moja kila mwisho, zile za mwisho zikiingia katikati ya ndefu. Ndani unapata sanduku la inchi 42 kwa 18, kina inchi 9. Linataka ndoo tano na nusu za udongo. Changanya sita, kwa sababu udongo hushuka.

Usijengee kwa saruji. Tofali moja ina karibu kilo 30, haiendi popote, na siku ukihama unazibeba au unamuuzia anayeingia. Ndani tandika kiroba kilichochanwa, na upande sakafu inakoinamia acha nafasi ya kidole kati ya tofali mbili maji yatokee. Pale juu ya sakafu mchicha wa kunyunyiza unastawi vizuri, na wiki tatu hadi nne baadaye unaanza kung'oa.

## Mbao, tairi na taulo la saruji

Haya nitayapitia kwa haraka, kwa sababu wengi wenu mnayauliza kwa ajili ya urembo.

Paleti za mbao ni nzuri mradi usome mhuri wake. Zilizosafiri nje ya nchi zina alama ya shuke la ngano na herufi: HT maana yake mbao zilipashwa joto, zichukue, MB maana yake zilifukizwa gesi ya sumu, ziache. Mafundi watakushauri upake oili chafu kuzuia mchwa. Kwenye boma la kuku sawa, kwenye sanduku la mboga hapana, kwani oili ile imebeba masalia ya vyuma vya injini. Mchwa zuia kwa kunyanyua sanduku juu ya tofali na kuzikagua tofali hizo kila wiki.

Tairi mimi napandia maua tu. Mpira wake una zinki na kemikali nyingine, na sioni sababu ya kuziweka karibu na mboga wakati kiroba kipo. Ukiikata, pitia ubavuni ambako hakuna waya mnene, kwa kisu kikali kilichochovywa maji ya sabuni. Toboa matundu mengi sehemu zote za chini. Tairi lenye maji yaliyotuama ni kitalu cha mbu wa dengue, na Dar es Salaam imeonja dengue mwaka 2014 na tena 2019.

Chungu cha taulo nacho kinapendwa. Koroga saruji sehemu moja na mchanga laini sehemu mbili mpaka uwe uji mzito, chovya taulo kuukuu, litandaze juu ya ndoo iliyofudikizwa na kufunikwa nailoni. Subiri siku mbili, chomoa, ongeza tabaka la saruji kwa brashi, kisha linyunyizie maji siku saba ligande vizuri. Vaa glovu, saruji inakula ngozi. Kabla ya kupanda, lijaze maji na kuyamwaga kila siku kwa wiki moja au mbili ili ukali wa saruji utoke. Kinapendeza kibarazani. Lakini kwa muda na saruji hiyo ungekuwa na viroba vitatu vinavyovunwa.

## Udongo

Hapa ndipo pa kutobania. Mchanganyiko wangu, kwa ndoo:

- ndoo 2 za udongo wa juu, ule mweusi tifutifu;
- ndoo 1 ya samadi iliyoiva;
- ndoo 1 ya pumba za mpunga zilizokaa, au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa.

Udongo wa sehemu nyingi za Dar ni mchanga mchanga. Kwa huo ongeza nusu ndoo ya samadi. Ukiwa mfinyanzi, ongeza pumba. Finyanga konzi iliyolowa kidogo, halafu ibonyeze kwa kidole gumba. Ikivunjika taratibu, umepata. Ikibaki donge ni nzito, isiposhikana kabisa ni nyepesi mno.

Samadi iliyoiva haina joto ukiingiza mkono, hainuki, na huwezi kutambua ilikuwa majani gani. Ya kuku ni kali. Tumia nusu ya kipimo, na iwe imekaa miezi miwili mitatu. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiuguse. Na udongo wa kando ya gereji au dampo, hata uwe mweusi namna gani, uache.

Chombo ni kama mgeni asiye na shamba: chakula chake ni unachomletea. Kila wiki tatu au nne zungushia kila mmea konzi ya samadi, mbali kidogo na shina.

## Mliyoniuliza mara nyingi

"Nimwagilie mara ngapi?" Kidole ndicho saa yako. Kizamishe hadi kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, acha. Januari na Februari ndoo ndogo hutaka maji asubuhi na jioni. Masika unaweza kupita siku kadhaa bila kumwagilia. Kazi yako wakati huo ni kukagua kama matundu hayajaziba.

"Maji yetu ni ya mgao." Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa kabisa. Ya sabuni ya kufulia nguo hayafai kwa majani. Tandaza nyasi kavu au maganda juu ya udongo, utapunguza kumwagilia karibu nusu.

"Kuku wa jirani wanamaliza mchicha." Hili sina falsafa nalo. Chandarua kuukuu juu ya vijiti vinne, au nyanyua chombo kimo cha kiuno. Kuzungumza na jirani nimejaribu, haikusaidia, kuku hawakuwepo kwenye mazungumzo.

"Majani yana matobo." Angalia chini ya jani asubuhi mapema, utamkuta kiwavi, mtoe kwa mkono. Kwa vyombo vitano hiyo ni kazi ya dakika kumi, na huhitaji dawa kwenye mboga utakayoila keshokutwa.

"Nianze na vingapi?" Kiroba kimoja na ndoo mbili, basi. Kiroba cha matembele na sukuma wiki, ndoo moja ya pilipili, moja ya nyanya. Ukivitunza miezi mitatu bila kuvichoka, ongeza. Na siku mkataba wa nyumba ukiisha, pakia ndoo mwisho, zikiwa zimenyimwa maji tangu jana yake ili ziwe nyepesi. Kiroba mwachie mpangaji anayekuja, umwonyeshe nguzo ya kokoto iko wapi.